Msimu ule United walipokuwa wapangaji

Jumapili usiku. Umeme umerudi saa nne, watoto wamelala, na mimi tangu jana kuna kitu kinanizunguka kichwani nimeona bora nikiandike tu kabla sijakisahau.

Jana kwenye banda umiza la mtaani kwetu kulikuwa na ubishi wa Old Trafford, uwanja wa Manchester United. Kijana mmoja anasema wauvunje tu hata kesho, paa linavuja kama kibanda cha kuku, wajenge huo mpya wa watu 100,000 waliotangaza 2025, na wengine wanamuitikia. Sikuchangia kitu. Sio kwamba napinga uwanja mpya, nyumba ikichoka imechoka, ila nilikuwa nawaza hawa vijana wanajua kweli kwamba ule uwanja ulishawahi kuwa kifusi na timu ikakaa miaka nane haina kwao? Na msimu ninaoupenda kuliko yote ya Manchester United sio wa 1999 wa makombe matatu wala ule wa fainali ya Moscow 2008, ni wa 1946-47, ambao hakuna mtu hai kwenye lile banda aliyeuona, na hatukubeba chochote.

Usiku wa tarehe 11 Machi 1941 ndege za Wajerumani zilikuja kupiga Trafford Park, kwa sababu pale ndio kulikuwa na viwanda, kuna sehemu walikuwa wanaunda ndege za kivita na nyingine injini zake, na uwanja uko jirani kabisa, basi mabomu yakaangukia na huko. Jukwaa kuu likaisha, nyasi zikaungua. Kitu pekee cha ule uwanja wa mwanzo wa 1910 ambacho kipo mpaka leo ni ile njia ya zamani ya kutokea wachezaji, upande wa jukwaa la kusini, kile kipande tu. Kila nikiiona kwenye picha naikumbuka nguzo moja ya jikoni kwetu Jangwani.

Mafuriko ya Desemba 2011 yalitukuta tunaishi Jangwani, waliokuwepo Dar mwaka ule wanakumbuka. Maji yaliingia usiku, asubuhi tuko juu ya paa la jirani, na yalipopungua tulichokuta ni kuta mbili, ile nguzo ya jikoni, na matope yamefika usawa wa kifua changu yakaacha mstari ukutani umenyooka kama umepigwa na fundi kwa rula. Sanduku la bati la mama lilipatikana kwa watu wa nyumba ya nne. Tukahamia Mbagala kwa baba mkubwa. Tulisema wiki mbili. Tulikaa miaka mitano na miezi.

Sasa mtu ambaye hajawahi kukaa kwa watu na familia nzima hawezi kuelewa kwa nini nauelewa ule msimu. Baba mkubwa na mama mkubwa hawakutusema hata siku moja, Mungu awalipe, lakini wewe mwenyewe unajua. Mama alikuwa anaamka saa kumi alfajiri anaosha vyombo vya nyumba nzima, tena anaosha kimyakimya, anaweka sahani chini ya maji ili zisigongane, akiwa anaogopa shemeji yake asije akaamka kwa kelele zake. Mimi nilikuwa nalala sebuleni nasikia maji tu, sahani sizisikii. Miaka mitano sikumsikia mama akigonga sufuria.

United nao walikwenda kukaa kwa jirani, na jirani mwenyewe ni Manchester City. Yaani hebu fikiria Yanga inaombea hifadhi kwa Simba, inavaa jezi yake kwenye vyumba vya Simba, na inalipa kodi. Kodi yenyewe pauni 5,000 kwa msimu na juu yake asilimia ya mapato ya mlangoni, na klabu ilikuwa na deni benki. Ofisi hata kwenye uwanja hawakuwa nayo, walifanyia kazi kwenye ghala la baridi la mwenyekiti wao James Gibson kule Cornbrook. Na mazoezi mengine wachezaji walikuwa wanafanya palepale Old Trafford kwenye magofu, kwenye kipande cha ardhi ngumu nyuma ya jukwaa la Stretford End. Hiyo ndiyo inayonimaliza mimi. Mechi kwa jirani, mazoezi kwenye magofu ya kwao. Kwa sababu baba alikuwa hivyohivyo, kila Jumapili anapanda daladala kutoka Mbagala anakwenda Jangwani kufagia. Anafagia nini, hakuna nyumba! Anafagia sakafu, kile kipande cha saruji kilichobaki, anakaa kwenye tofali, anarudi jioni. Tulikuwa tunamuona kama amechanganyikiwa kidogo, nikiwa mkubwa ndio nikaelewa.

Kocha alikuwa Matt Busby, Mskoti, amesaini Februari 1945 vita bado havijaisha, alipoahidiwa miaka mitatu akasema anataka mitano ndio ataweza kujenga kitu. Huyu Busby alikuwa mchezaji wa City kabla ya vita na kombe la FA la 1934 alilichukua akiwa na City, halafu akaenda Liverpool. Kwa hiyo Maine Road, uwanja wa City, anaijua kila korido, alikuwa mtoto wa ile nyumba, sasa anarudi pale kama mpangaji na timu nyingine. Na msaidizi wake Jimmy Murphy alimpata Italia, Bari, vita vikielekea mwisho, alimsikia akiongea na wanajeshi habari za mpira akasema huyu huyu.

Ligi kamili ilianza tarehe 31 Agosti 1946, ile ya mwaka uliotangulia ilikuwa ya kanda kanda tu. Na kuna jambo moja nililijua nikiwa mtu mzima nikanyamaza muda mrefu: ratiba waliyoitumia ilikuwa ileile ya 1939, msimu uliokufa baada ya mechi tatu. Waliikunjua upya kutoka mwanzo. 1939 United walianza nyumbani na Grimsby, wakaenda Chelsea, wakaenda Charlton tarehe 2 Septemba, kesho yake Uingereza ikatangaza vita na matokeo yote yakafutwa. 1946 wakaanza tena nyumbani na Grimsby, Chelsea ugenini, Charlton ugenini, kama mtu aliyeamka akaendelea na sentensi aliyoiacha katikati.

Pale Charlton 1939 kulikuwa na beki anaitwa Allenby Chilton, ndio mechi yake ya kwanza ya ligi. Ya kwanza, ikafutwa. Akaenda jeshini, akajeruhiwa Ufaransa kwenye mapigano ya Normandy, akapona, akasubiri mpaka 1946 kuanza upya kazi ambayo alishaianza. Miaka saba. Aliondoka ana umri wa kijana, amerudi mtu wa karibu miaka 28, na alicheza msimu ule karibu wote. Hakuna aliyemrudishia ile miaka na sijasoma popote kwamba aliidai.

Wenzake nao ni hivyohivyo. Nahodha Johnny Carey, Muayalandi, nchi yake haikuingia vitani lakini yeye alijiunga na jeshi la Uingereza. Jimmy Delaney alinunuliwa Celtic kwa pauni 4,000 akiwa na miaka thelathini na zaidi, mkono wake uliwahi kuvunjika vibaya watu wakasema mifupa yake ni ya kioo, Busby akamchukua. Winga wa kushoto Charlie Mitten alizaliwa Rangoon, Bama kabisa, kule ambako wazee wetu wa keya, jeshi la mkoloni, walipelekwa kupigana. Stan Pearson, na mbele Jack Rowley mwenye shuti la mzinga. Mshahara wa mchezaji kwa sheria za ligi ulikuwa na kikomo, hata awe nani.

Wakaanza kwa kushinda mechi tano mfululizo. Ya nne ilikuwa tarehe 11 Septemba, Liverpool walikuja Maine Road wakala tano bila, Pearson peke yake tatu. Shikilia hiyo tano bila.

Na watu walijaa. Mwaka ule mikate yenyewe ilikuwa kwa mgao, kitu ambacho hata wakati wa vita hakikuwahi kutokea, nguo kwa kuponi, nyumba zimebomoka, na bado zaidi ya watu milioni 35 waliingia viwanjani Uingereza kwa msimu mmoja. Nawaelewa. Baba mwaka ule wa kwanza Mbagala hatukuwa na pesa hata ya kununua godoro la pili, lakini mechi ya Yanga hakosi, na Jumamosi usiku alinichukua banda umiza kwa mia tano yangu na yake, na mama hakumuuliza. Ilikuwa saa mbili ambazo sisi sio wageni wa mtu.

Halafu ikaja baridi ya 1947. Kuanzia mwishoni mwa Januari mpaka Machi theluji haikukatika, makaa ya mawe hayafiki mitamboni, umeme unakatwa, mechi zinaahirishwa moja juu ya nyingine, serikali ikazuia michezo ya katikati ya wiki ili watu wasiache kazi. Ligi ambayo kawaida inaisha Mei ikasogezwa mpaka katikati ya Juni. Na City, mwenye nyumba, yuko daraja la pili msimu huohuo na anatumia uwanja huohuo, nyasi hazipumziki, Jumamosi hii yeye, Jumamosi ijayo mpangaji. City wakachukua ubingwa wa daraja la pili wakapanda. Kwa hiyo kwenye ile nyumba moja sherehe ilikuwa chumba cha mwenye nyumba. Hii nayo naijua, binamu yangu alifaulu kidato cha nne mwaka ambao dada yangu alifeli, tukapika pilau, dada akapakua.

United walimaliza na pointi 56 (enzi hizo ushindi ulikuwa pointi mbili), mechi 42, wameshinda 22, wamefunga magoli 95, daraja la kwanza ni Wolves tu waliofunga mengi kuliko wao. Bingwa alikuwa na pointi 57. Na bingwa ni Liverpool, walewale wa tano bila. Mei tarehe 3 United walikwenda Anfield wakafungwa moja bila, na ukipiga hesabu ile mechi peke yake, hata droo tu, pointi inaondoka huku inakuja huku na ubingwa unahama. Liverpool wenyewe walimaliza mechi zao Mei 31 wakakaa kusubiri, mpaka Juni 14 Stoke, waliokuwa bado wanaweza kuwapita, walipofungwa Sheffield ndio wakajua ni mabingwa. Wameustahili, sina neno. Ila moja! Kwa timu ambayo haikucheza nyumbani kwao hata dakika moja.

Miaka ya nyuma nilikuwa naumia na hiyo pointi moja. Siku hizi najikuta naangalia kitu kingine kabisa, kwamba mwaka uliofuata wakachukua kombe la FA wakiwafunga Blackpool 4-2 Wembley, bado wapangaji, na Januari 1948 walipocheza na Arsenal palepale Maine Road waliingia watu zaidi ya 80,000. Mpangaji kajaza nyumba ya mwenye nyumba. Na kikosi chenyewe ni walewale wa 1946, wanaume walioliwa miaka yao na vita, hawakusubiri kwanza wapate kwao ndio wawe timu.

Walirudi Old Trafford Agosti 24, 1949, wakaifunga Bolton 3-0. Jukwaa kuu lilikuwa bado halina paa. Walirudi hivyohivyo.

Sisi Jangwani hatukurudi. Ile sakafu ya baba nayo ilikuja kuvunjwa na tingatinga pamoja na zilizobaki za majirani, ile Jumapili alikwenda na ufagio wake akarudi nao saa tano asubuhi, hakusema kitu, na mimi sikumuuliza na mpaka leo sijamuuliza. Lakini kumbe muda wote alikuwa anaweka kidogo kidogo, akapata kiwanja Chanika, tukajenga vyumba viwili, bati tumepiga upande mmoja tu, madirisha hayana kitu mama kaweka khanga, mlango wa nyuma ni ubao tumeegemeza na jiwe. Baba akasema tunahamia Ijumaa. Mama mkubwa akamwambia shemeji subirini basi hata mpige dari, baba akacheka akasema hapana dada, tunashukuru, tunahamia Ijumaa.

Usiku wa kwanza hatukulala vizuri, mbu na upepo. Nilipitiwa na usingizi alfajiri, nikashtuka jua limeshatoka, saa mbili na kitu, nikasikia kelele nje nikafikiri kuna mtu kaangusha bati. Nikachungulia kwenye khanga. Mama yuko uani kakaa kwenye kigoda, miguu kainyoosha, anaosha vyombo vya jana, anakwangua sufuria ya ugali kwa kijiko cha chuma kwa nguvu zake zote, akimaliza anaigonga kwenye jiwe, paa, anachukua nyingine, paa.