Korongo mwenye pete

"Ana pete mguuni, shemeji. Huyo humwandiki."

Shemeji yangu alisema hivyo darubini ikiwa bado machoni, hata hakugeuka. Nikamuuliza, kwa nini nisimwandike korongo huyu kwenye orodha yangu ya ndege na ninamwona? Akajibu, "Katoka bustani ya mtu. Wa kuandikwa wako Rugezi," yaani kule kwenye bwawa la kaskazini mwa Rwanda wanakoishi wa porini. Baba Neema akawasha gari, tukaondoka.

Tangu Jumapili namjibu shemeji kichwani. Nikiosha vyombo, namjibu. Wiki hii ofisi imehama na wifi kajifungua salama mtoto wa kike, lakini mimi akili yangu bado iko Akagera, hifadhi ya wanyama ya Rwanda.

Mnajua nilivyomngoja korongo taji. Tanga sijapata kumwona, na orodha yangu ya ndege wote niliowaona maishani ilikuwa na pengo lake miaka yote. Safari hii alikuwa karibu kiasi kwamba niliona taji lake la dhahabu likitikiswa na upepo. Akikanyaga nyasi kwa nguvu, panzi wanaruka, anadonoa. Anakanyaga tena. Kisha akaruka, na weupe wa mbawa zake ukafunguka wote.

Akaruka! Hapo ndipo nilipopaswa kumshika shemeji kwa hoja. Makorongo waliokuwa wakifugwa kwenye mahoteli na nyumba za wenye uwezo walikatwa manyoya, wengine wakavunjwa mbawa, wasiweze kuondoka. Daktari wa wanyama Olivier Nsengimana na wenzake walianza kuwakusanya mwaka 2014. Wasioweza tena kuruka wanatunzwa Umusambi Village, Kigali. Wazima wanapelekwa Akagera, manyoya yaote, wajifunze upya kujitafutia. Na hawakuzaliwa bustanini, shemeji! Waliibwa wakiwa makinda kwenye mabwawa ya Rwanda hii hii. Aliyeibwa akirudi kwao anaitwa mgeni?

Simba nao. Wa Akagera walikwisha kabisa baada ya 1994, wakaletwa wengine kutoka Afrika Kusini mwaka 2015. Shemeji mwenyewe aliwapiga picha asubuhi ile ile na kumtumia kila mtu. Hakuna aliyemwambia hajaona simba.

Jana usiku, hata hivyo, hasira ilipungua. Nilisoma habari za kondori wa California, ndege mkubwa wa jamii ya tai wala mizoga wa Marekani. Mwaka 1987 waliobaki porini wote walikamatwa ili wazalishwe, na kuanzia 1992 wakawa wanaachiwa. American Birding Association, chama cha watazamaji ndege cha huko, kilikubali wahesabiwe kwenye orodha mwaka 2014 tu, kwa sharti kwamba kundi lao liwe limeangua makinda porini. Sharti hilo nalielewa. Kama kila kasuku aliyetoroka kizimbani angeandikwa, orodha zetu zisingemweleza mtu chochote kuhusu nchi. Shemeji analinda kitu ninachokipenda na mimi, na ndiye aliyenifundisha kushika darubini.

Lakini nimemwandika. Korongo taji, Akagera, na pembeni: mwenye pete. Pete ile inaonyesha kuna mtu aliyemhesabu kabla yangu, anayetaka kujua kama bado yu hai. Rugezi nitakwenda pia, tena na shemeji, akikubali.

Halafu Mama hajapokea simu tangu jana asubuhi. Jirani yake naye hapatikani. Nikimkosa na jioni hii nitampigia Mjomba aende Ngamiani akamwangalie.