Maharage yangu ya bondeni

Wiki ya tano tangu nipande maharage huku Lushoto, nusu ya shamba, ile ya bondeni, ikageuka manjano. Nikajua ni njaa ya nitrojeni, na mfuko wa urea nilishaupigia hesabu. Mama mdogo akanizuia: "Chimbua kwanza uangalie chini, mwanangu."

Kuchimbua kwa jembe, si kung'oa! Miche mitatu ya mwanzo niliivuta kwa pupa, vinundu, vile vivimbe vidogo vya mizizini, vikabaki udongoni.

Mche wa juu mlimani ulikuwa na mizizi iliyojaa vinundu. Nikapasua kimoja kwa ukucha: ndani chekundu kama nyama mbichi. Rangi hiyo ni ya leghemoglobini, inayofanana na ile ya damu yetu, nayo huwapimia oksijeni kidogo kidogo bakteria wa raizobia, wanaoishi humo na kuugeuzia mmea nitrojeni ya hewani iwe chakula. Mche wa bondeni vinundu vya kuhesabu, vidogo, ndani vyeupe, vingine vya kijani. Maji yametuama pale tangu mvua zianze, na mizizi isiyopata hewa haiwezi kuwalisha bakteria hao. Hewa yenyewe ni asilimia 78 nitrojeni, lakini mmea unakufa njaa sahani ikiwa mbele yake.

Urea nimeiacha. Ukiimwaga nyingi, mmea wenyewe hupunguza kutengeneza vinundu. Nimechimba mitaro miwili, mgongo bado unauma. Majani mapya yanatoka na ukijani. Ya zamani yamebaki yalivyo. Msimu ujao bondeni ni matuta tu.