Barua Iliyomfikia Fusu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii Zaburi ya 127 imenikaa moyoni: "Bwana asipoijenga nyumba, waijengao wafanya kazi bure." Kila nikiisoma namkumbuka Qin Shi Huang, aliyeziunganisha falme za China mwaka 221 KK. Alijiita Mfalme wa Kwanza, akaagiza watakaomrithi wahesabiwe wa pili, wa tatu, hadi kizazi cha elfu kumi.

Mwanawe mkubwa, Fusu, alithubutu kumwambia kwamba anawaadhibu wasomi kwa ukali mno. Baba akakasirika, akampeleka mpaka wa kaskazini, kwa jemadari Meng Tian. Mwaka 210 KK mfalme akafia safarini. Towashi Zhao Gao na waziri Li Si wakakificha kifo chake, hata wakapakia samaki wa chumvi kwenye magari ili harufu ya maiti isitambulike. Kisha wakaghushi barua: Fusu ajiue.

Meng Tian alimsihi aulize kwanza. Fusu akajibu kwamba baba akimwamuru mwanawe afe, hakuna cha kuuliza tena. Akajiua.

Hapo ndipo ninapokwama. Barua ilikuwa ya uongo, lakini ukali wake Fusu aliujua. Alishafukuzwa nyumbani kwa kusema kweli. Angeionaje kuwa ngeni? Mtoto aliyezoea kuketi na baba yake wakaulizana angetuma mjumbe.

Mdogo wake, Huhai, akakalia kiti. Mwanahistoria Sima Qian anaandika kwamba aliwaua ndugu zake 12 wa kiume sokoni katika mji mkuu, Xianyang, na dada zake 10. Mwana mwingine wa mfalme, Gao (si yule towashi), alitaka kukimbia, akahofia jamaa yake wataangamizwa. Akaomba mwenyewe afe, azikwe karibu na kaburi la baba yao. Huhai akafurahi sana kulipata ombi hilo. Ndugu kwa ndugu, wapendwa!

Mwaka 207 KK Huhai naye akalazimishwa kujiua. Akafuata Ziying, akakaa siku 46, akajisalimisha kwa waasi; baadaye Xiang Yu, jemadari wa waasi, akamwua pamoja na jamaa yake. Hesabu ya vizazi elfu kumi ikaishia kwa mtu wa tatu.

Kwangu, kifungua mimba wangu hunijibu "sawa, baba" kwa kila neno, nami nimekuwa nikimshukuru Mungu kwa utii huo. Jioni hii, baada ya sala, nitamwuliza yeye anaonaje, nami ninyamaze hadi amalize.