Nilivyoamua kununua CPU kubwa badala ya kompyuta ya kioo

Nachora ramani za nyumba hapa Dodoma. Tangu serikali ihamie huku, kazi za Iyumbu, Nala na Ihumwa haziishi, na mteja haridhiki tena na karatasi. Anataka aione nyumba yake kwenye picha, bati la kijivu na maua getini. Laptopu yangu ilikuwa inarenda picha moja, yaani kuigeuza ramani kuwa picha kama halisi, usiku kucha.

Duka moja jirani na Nyerere Square lilikuwa na mashine mbili zilizokaribiana bei. Ya kwanza ni ol-in-wani mpya: kompyuta nzima iko nyuma ya kioo cha inchi 24, waya wa umeme mmoja tu. Inapendeza, kusema kweli. Ya pili ni CPU ya HP Z440 iliyotumika, dude jeusi zito la chini ya meza.

"Nifungulie zote nione ndani," nikamwambia kijana wa duka.

"Hiyo ya kioo hapana, dada. Waranti itakufa."

Tukasoma sifa zake kwenye boksi: ramu (memori ya kufanyia kazi) ndogo za laptopu, nafasi mbili, grafiksi (sehemu inayotoa picha) ya ndani ya prosesa. Pa kuchomeka kadi nyingine ya grafiksi hakuna. Ile Z440 aliinua kishikio cha pembeni, mfuniko ukatoka bila bisibisi. Nafasi 8 za ramu. Pawa saplai ya wati 700, nayo inachomoka kwa mkono. Hapo nikajua nachukua ipi, maana pesa yangu huja kwa mafungu, na mashine inayokubali kuongezwa kwa mafungu ndiyo saizi yangu.

Ila usinunue kichwa kichwa. Prosesa ya Xeon iliyomo haina grafiksi yake, kwa hiyo bila kadi hupati picha kabisa. Hakikisha ipo na uiwashe hapohapo dukani. Ramu zake ni za aina ya seva, zile za rejista. Za deskitopu ya kawaida hazikubali. Na monita unajitegemea (mimi nilikuwa nayo).

Nilianza na ramu ya GB 16 na kadi dhaifu. Mteja wa Nala alipolipa, nikafikisha 32. Baadaye nikaweka kadi ya Quadro P2000, ambayo inakula umeme wa kwenye sloti tu, haidai waya wa ziada. Kurenda sasa nasubiri nikiwa nakunywa chai.

Gharama zake zipo. Ilibidi nitafute UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) kubwa zaidi, na kiangazi, upepo wa Dodoma ukianza, lazima niifungue niipulize vumbi kwa blowa.

Shangazi yangu ana steshenari Area C: barua, fomu, kuprinti. Yeye nilimshauri achukue ol-in-wani, meza yake ni finyu na hahitaji zaidi. Nikamwambia tu kabla hajalipa kwamba kioo kikipasuka, mashine nzima inakwenda kulala kwa fundi.