Waridi la Jangwani: Jinsi Nilivyopata Mbegu kwa Mshipi wa Kuvulia

Waridi la jangwani si waridi, na jina hilo ndilo lililoniletea washauri wawili waliokaribia kuniangamizia miche yangu. Wa kwanza alikuwa muuzaji wa kitalu kimoja hapa Mombasa, aliyeniuzia mche kwa shilingi mia tano na ushei, akanisisitizia kwamba, kwa kuwa ni waridi, niutilie samadi nyingi na kuumwagilia asubuhi na jioni. Masika yalipoingia, shina lile nene, ambalo ndilo fahari ya mmea wenyewe, likawa linabonyea kwa kidole, kisha likatoa maji ya kahawia yenye uvundo. Wa pili alikuwa jirani yangu, mzee ninayemheshimu kwa mambo mengine yote, aliyeniambia kuwa mmea wa jangwani haunyweshwi maji. Mche wa pili ukanywea, ukapukutisha majani, ukakaa hivyo kiangazi kizima bila kutoa hata tumba moja.

Laiti washauri hao wangalichungulia dirisha la basi la Nairobi wanapokaribia Voi, wangaliuona ukimea wenyewe porini, hauna majani lakini umefunikwa na maua ya rangi ya waridi. Mvua huko hunyesha, tena ya kishindo, ila maji hayatuami mizizini. Peter Forsskål, mtaalamu wa mimea aliyeukuta Yemen na ambaye maelezo yake yalichapishwa mwaka 1775, aliuita *obesum*, yaani mnene kwa Kilatini, na kwa maoni yangu huyo aliutazama vizuri kabla ya kuupa jina.

Siku hizi nachanganya mchanga wa mtoni (wa baharini una chumvi), kokoto ndogo, makumbi ya nazi na makaa yaliyopondwa, katika chungu cha udongo chenye tundu kubwa. Namwagilia hadi maji yatoke chini, kisha siugusi mpaka udongo ukauke. Jua ni la kutwa.

Lakini ninalojivunia ni mbegu. Vipandikizi huota, ila kwa kawaida havivimbi shina la chini vizuri kama miche ya mbegu, nami mbegu sikuwa nazo, kwa maana maua yangu yalichanua na kuanguka bila kuzaa. Chavua ya ua hili imefichwa ndani kabisa ya koo, katika koni ndogo iliyojifunga. Brashi ya rangi ya watoto haikupenya, na kijiti cha meno kiliniharibia maua kadhaa mazuri. Ndipo nikaukumbuka mshipi wa kuvulia. Nilikata kipande kifupi cha ule mwembamba kabisa, nikapasua koo la ua upande mmoja kwa wembe mpaka koni ikaonekana, nikauchomeka mshipi katika ufa mwembamba ulio chini ya koni, kisha nikauvuta polepole kuelekea juu, ukatoka umenatiwa na vichembe vyeupe. Hivyo nikavipeleka katika ufa kama huo wa ua la mche mwingine, kwa sababu maua ya mche mmoja aghalabu hayazalishani. Mke wangu alisimama mlangoni akaniuliza, "Bwana, sasa umeanza kuvua maua?" Nilimwachia acheke, hata majuma machache baadaye zilipochomoza pembe mbili zilizoachana kama za mbuzi, akawa yeye ndiye anayewaita wageni waje kuziona.

Pembe hizo zikikauka hupasuka ghafla, na kila mbegu ina manyoya huku na huku, basi upepo mmoja tu wa kusi hukuachia maganda matupu. Nilizivisha kipande cha soksi ndefu ya mke wangu, kwa idhini yake, nikaifunga kwa uzi. Mbegu mpya hazichelewi kuota. Baada ya wiki moja hivi kitalu kilikuwa kimejaa vichipukizi vyenye vitako vilivyokwisha kuvimba.

Miche mingine sasa naiuza, bei tunaelewana. Kila mnunuzi namwambia anawe mikono akishapogoa, kwa kuwa utomvu wake ni sumu ambayo wawindaji waliipaka mishale, na asiuweke mbuzi wanapopita. Anayeniambia kwamba ataupanga sebuleni, mbali na jua, simuuzii.