Siku moja maishani mwangu: mgawa maji wa mpunga

Saa 11 alfajiri
Kazi yangu ni kugawa maji kwenye skimu ya mpunga, na siku huanzia kwenye lango kuu la mfereji. Usiku una wajanja wake: mtu anaziba mfereji kwa magunia ya udongo, jaruba lake linafurika, walioko mkiani mwa mfereji wanaamkia matope. Leo hakuna aliyegusa kitu. Nasoma kina cha maji, naandika daftarini, nafungua zamu.

Saa 1 asubuhi
Napita kwenye majaruba yanayoloweshwa na kukaushwa kwa zamu. Kila moja lina kipande cha bomba la plastiki cha sentimita 30, kimetobolewa matundu upande wa chini na kuzamishwa ardhini, udongo wa ndani ukatolewa. Ukichungulia unaona maji yamesimama wapi. Yakishuka hadi sentimita 15 chini ya uso wa udongo, unafungulia mpaka jaruba lipate kina cha sentimita 5, kisha unaacha tena. IRRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga iliyoko Ufilipino, ndiyo iliyoieneza sana njia hii. Hiyo 15 wanaiita salama kwa sababu mizizi bado inayafikia maji, na matumizi yanaweza kupungua kwa hadi asilimia 30 bila mavuno kushuka.

Jaruba la kwanza lina nyufa nyembamba juu. Mpita njia angedhani mwenyewe kalitelekeza. Bombani maji yako sentimita 9 tu chini, nalipita.

Saa 3 asubuhi
Mzee mmoja ananisubiri kwenye tuta. Jaruba lake limejaa mpaka linamwagikia kwa jirani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Usiniletee habari za bomba."

Tunacheka. Kisha anaeleza, na hoja yake ina uzito kuliko vipeperushi vyote nilivyogawa. Anajua fika kwamba mpunga hauhitaji kuogelea. "Lakini mwanangu, nikikausha leo na zamu yangu ikarukwa, nani atanilipa? Maji yaliyo shambani ni yangu. Yaliyo mferejini ni ya aliye juu yangu."

Wakulima husemwa kuwa wagumu kubadilika. Mimi mshika lango naona wanapima kama ratiba yangu inaaminika. Mwenye pampu hubadilika upesi, kwani siku asiyoiwasha ni dizeli iliyobaki kwenye tangi. Huyu wa mfereji analipa ada kwa ukubwa wa eneo. Atumie kidogo au afurike, ada ni ileile. Ukimwambia aokoe maji, anakuuliza: namwokolea nani?

Halafu kuna magugu. Maji yaliyotuama huyazuia kuota, ndiyo maana wiki mbili za mwanzo baada ya kupandikiza sishauri mtu akaushe. Na shamba lisilosawazishwa ni balaa: huku kumekauka, kule dimbwi, na bomba moja haliwezi kusemea pande zote mbili.

Tunaafikiana ajaribu jaruba moja, lile la kando ya njia, kwa sharti kwamba nimpigie simu jioni ya kuamkia zamu yake.

Saa 5 asubuhi
Kikundi cha akina mama kinasukuma vipalizi katikati ya mistari. Wao wako kwenye kilimo shadidi, kilichoanzia Madagaska miaka ya 1980 kwa padri Mjesuiti kutoka Ufaransa, Henri de Laulanié: mche wa siku 8 hadi 12, mmoja kwa kila shimo, nafasi ya sentimita 25 kwa 25, udongo mbichi tu badala ya bwawa. Mbegu inayotumika ni kidogo sana. Gharama yake inabebwa na mgongo, na dada mmoja ananiambia yote anayakubali isipokuwa palizi ya tatu.

Saa 7 mchana
Nakula, nasinzia.

Saa 9 alasiri
Kikao cha kamati. Mjumbe anazungumzia methani: jaruba likijaa muda wote udongo hukosa hewa, vijidudu vikatengeneza gesi hiyo, na kukausha huipunguza. Ni kweli kabisa, ila bado sijamwona mkulima aliyefunga lango kwa ajili ya methani. Ubishi mkali ni kuhusu zamu. Nataka majaruba yote ya mfereji mdogo mmoja yalowe pamoja na kukauka pamoja, kuanzia mkiani. Wa juu wananuna. Baada ya maneno mengi wanakubali kwa msimu huu, nami nabanwa nibandike ratiba langoni mapema, isibadilishwe kwa simu ya mtu yeyote, hata mwenyekiti.

Saa 12 jioni
Naandika ratiba ya kesho. Majaruba mawili ya chini yamebeba mimba, yaani mpunga unakaribia kutoa masuke. Kuanzia wiki moja kabla ya kuchanua hadi wiki moja baadaye hayakaushwi, maana kiu ya wakati huo huacha masuke yenye mapepe, punje tupu. Kwa hiyo nayapandisha juu ya orodha, na nawapigia walio juu yao kuwaambia kwamba lango lao litafunguliwa saa 4, si alfajiri.