Siku nzima na Peugeot 504 iliyolala upande

Saa 1:30 asubuhi nafungua gereji, Ilala. Mzee ameshafika, kakaa ndani ya 504 yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mwaka huu nimebadilisha shokapu mara mbili. Bado limelala, na kwenye tuta linanipiga mgongo."

Inaniuma kusikia pesa ya mzee imekwenda hivyo. Shokapu haibebi gari jamani! Inayobeba ni springi. Shokapu kazi yake kuituliza isiendelee kucheza.

Saa 2 najaza upepo matairi yote, kisha dogo anashika futi. Anaanza kupima kutoka chini. Namwambia apime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, ili tairi lisimdanganye. Nyuma kulia sentimita 40, kushoto 37. Napiga jeki mbele, katikati kabisa ya krosmemba, kile chuma kilichokingama chini ya injini. Nyuma bado kumelala vilevile, basi ugonjwa uko huko huko nyuma.

Saa 4 springi ya kushoto iko mkononi mwangu. Katikati ya mizunguko yake kuna mtu amekita vipande viwili vya tairi kuukuu ili gari linyanyuke. Mizunguko iliyobanwa haifanyi kazi tena, kwa hiyo kila shimo linapokelewa na bodi na bushi, yale maungio ya mpira. Na hii ni saluni, gari la abiria, si pikapu; kila gurudumu la nyuma lina mkono wake wa chuma unaolishikilia na springi laini yenye nafasi ndefu ya kushuka na kupanda. Hilo ni moja ya mambo yaliyoisaidia 504 kushinda Safari Rally mwaka 1975, Ove Andersson akiwa kwenye usukani.

Halafu bushi za mikono. Mzee anasema zina miezi sita tu. Namulika tochi: mpira umechanika kwa kuzunguka, kama kitambaa kilichokamuliwa mpaka kikaachia. Hizi zilikazwa gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia. Mpira wa bushi umeshikana na chuma ndani na nje, hautelezi, unajisokota tu. Ukiukaza hivyo, gari likishuka chini mpira unabaki umesokotwa usiku na mchana, hata likiwa limeegeshwa.

Saa 8 dogo anarudi kutoka maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani na bushi mpya na springi mbili. Lazima ziwe jozi. Nahesabu mizunguko, napima unene wa chuma na urefu, zinalingana.

Saa 10 kila kitu kimerudi, ila nati za mikono nimeziacha zimelegea. Tunalishusha gari juu ya shimo la gereji, mzee anakaa kwenye usukani, tunalitikisa litulie. Hapo ndipo naingia shimoni kuzikaza.

Saa 11 jioni tunalijaribu gari kwenye tuta. Gari linazama kidogo, linapanda mara moja, linatulia. Mzee hasemi kitu. Anageuza gari, tunalipita tena.

Vipimo nimeviandika ukutani kwa chaki, 40 na 40. Jumamosi atarudi nipime upya, springi zikishakaa.